Jeni za saa ya mwili na watoto wa Eastlands wanaoamshwa kabla ya jogoo

Miaka kumi hivi iliyopita, karibu watu 2,000 wa Korogocho na Viwandani, wenye umri wa kati ya miaka 40 na 60, walikubali kutoa damu yao kwa watafiti. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa uitwao AWI-Gen, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Hapa Nairobi uliendeshwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya ambacho kimekuwa kikifuatilia maisha ya mitaa hiyo miwili tangu mwaka 2002. Kwa jumla uligusa zaidi ya watu 10,000 nchini Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Watafiti walikuwa wakizisaka jeni zinazohusiana na unene, shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Lakini damu ikishachukuliwa, huwa imebeba jeni zote za mwenyewe. Ndani yake zimo pia zile zinazoendesha saa ya mwili, zinazompangia mtu wakati wa kusinzia na wakati wa kuwa macho, na ambazo huenda zina mkono katika saa ambayo akili yake ni kali na saa ambayo ni butu. Nasema huenda kwa makusudi, kwa sababu sayansi hii bado inajengwa. Hata hivyo, yale ambayo yamekwisha kuthibitishwa yanatosha kutufanya sisi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tuyatazame upya maisha yetu ya alfajiri, na hasa ya watoto wetu.

Habari ilianza na nzi wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Mwaka 1971, Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer, wakiwa California, waligundua kwamba badiliko katika sehemu moja tu ya jeni za nzi hao lingeweza kuifanya siku yao iwe fupi, iwe ndefu, au ipotee kabisa. Sehemu hiyo wakaiita period. Mwaka 1984 Jeffrey Hall na Michael Rosbash upande mmoja, na Michael Young upande mwingine, waliitenga jeni yenyewe, na wote watatu wakatunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 2017. Katikati ya hapo, mwaka 1994, Joseph Takahashi na wenzake walitangaza kumpata panya aliyekuwa na saa mbovu. Jeni yake iliitwa Clock, na binadamu anayo vilevile.

Jinsi saa hii inavyofanya kazi, mtu yeyote anayeishi ghorofa ya Umoja au Tassia anaweza kuielewa, maana juu ya paa lake kuna tangi la maji lenye floti. Mota ikisukuma maji, floti hupanda. Ikifika juu, mota huzimika. Wapangaji wakioga na kufua, maji hushuka, floti hushuka nayo, na mota huwaka tena. Ndani ya seli, protini mbili ziitwazo CLOCK na BMAL1 huwasha jeni za PER na CRY. Jeni hizo hutengeneza protini zao, ambazo hujikusanya taratibu hadi zinapokuwa za kutosha, kisha hurudi kwenye kiini cha seli na kuwazima wale wale waliozianzisha. Baadaye huvunjwavunjwa na kupungua, na mzunguko huanza upya. Mzunguko mmoja huchukua karibu saa 24.

Karibu, lakini si kamili. Mwaka 1999, Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walipima watu waliowekwa mahali pasipo na dalili yoyote ya usiku wala mchana, wakakuta kwamba saa ya binadamu huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11. Kwa hiyo kila siku inapaswa kurekebishwa, na kirekebishi chake kikuu ni mwanga. Ndani ya jicho kuna seli maalumu, zilizoelezwa vizuri mwaka 2002, ambazo hazimsaidii mtu kuona sura wala rangi kama zinavyomsaidia kupima mwanga ulivyo mwingi, hasa ule wa bluu. Hupeleka habari hiyo kwenye kifundo cha seli zipatazo 20,000 kilicho sehemu ya chini ya ubongo, na hicho ndicho kiongozi wa saa nyingine zote mwilini: ya ini, ya moyo, na ya sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu.

Hapo ndipo suala la akili linapoingia. Mwaka 2008, Norman Ruby wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza habari za panya-buku wadogo wa Siberia ambao saa zao zilivurugwa kwa kubadilishiwa ratiba ya mwanga. Walilala kiasi kile kile cha kawaida kwa siku, ila usingizi wao haukuwa na mpangilio. Walipowekewa kitu kipya kando ya kile walichokwisha kukiona, hawakuweza kuvitofautisha. Yaani usingizi ulikuwepo, kumbukumbu haikuwepo. Kwangu mimi jambo hilo ni zito kuliko yote katika habari hii, kwa sababu sisi wazazi tumezoea kuhesabu saa za kulala tu na kusahau kwamba mwili unajali pia zinaangukia wapi.

Kwa binadamu, jeni iliyozungumzwa sana ni PER3. Kuna kipande chake ambacho kwa watu wengine hujirudia mara nne na kwa wengine mara tano. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliwachukua watu 24 wenye afya njema, 14 wenye umbo fupi la jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili na 10 wenye umbo refu, wakawakesha usiku kucha na kuendelea. Wenye umbo refu waliporomoka zaidi katika majaribio ya kufikiri, na mporomoko ulikuwa mkubwa zaidi kwenye saa zile za kuelekea mapambazuko. Walipokuwa wamepumzika vya kutosha, makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti ya kutajika. Jeni hiyo, basi, haikuwa ikimpa mtu akili wala kumnyima. Ilichoonyesha ni nani anayelipa gharama kubwa zaidi akinyimwa usingizi, na anailipa saa ngapi.

Watu 24 ni wachache, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Isitoshe, umbo hilo fupi halikusambaa sawa duniani: kati ya Wamongolia linafikia asilimia 89 ya nakala zote za jeni hiyo, ilhali Papua New Guinea ni asilimia 19. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, wa watu karibu 700,000, uliotaja sehemu 351 za jeni zinazohusiana na tabia ya mtu kuamka mapema. Ukubwa huo unavutia, lakini waliopimwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Mkazi wa Dandora hayumo, wala wa Kaloleni. Tukiambiwa kesho kwamba kuna kipimo cha mate kitakachomwambia mzazi kama mwanawe ni mtu wa asubuhi au wa usiku na achaguliwe masomo gani, tukatae kutoa pesa zetu. Sehemu 351 zenye mchango mdogo mdogo, zilizohesabiwa kwa watu wengine, haziwezi kumtabiria mtoto wa Kariobangi alama zake.

Ushahidi wa karibu na kwetu zaidi unatoka Tanzania. Mwaka 2017, David Samson na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, ambao bado huwinda, hurina asali na kulala nje au kwenye vibanda vya nyasi. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa siku 20. Katika saa zote za usiku zilizohesabiwa, zaidi ya saa 220, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walisinzia mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na kati yao daima kulikuwa na mtu macho. Watafiti waliona hiyo ni kinga ya kale: kambi ambayo watu wake hawalali kwa wakati mmoja haivamiwi na simba kwa urahisi. Kwa maneno mengine, kijana anayechelewa kulala hana hitilafu. Ana zamu yake katika ukoo wa binadamu.

Sasa mchukue kijana huyo umlete Eastlands.

Anza na mwanga. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, digrii moja na kidogo kusini yake, na jua letu halina utani: huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika 45 mwaka mzima, na mchana wake ni wa saa 12. Ulaya wanahangaika na giza la Desemba, sisi tumepewa kirekebishi cha saa ya mwili bure kila siku. Nje, hata kukiwa na mawingu ya Julai, kuna mwanga usiopungua maelfu ya lukisi, na jua likiwa wazi hufika 100,000. Chumba chenye balbu moja mara nyingi hakifiki hata 100.

Ingia Pipeline, Embakasi, saa nne asubuhi. Majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamesimama bega kwa bega, mengine yakiacha upenyo ambao mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Kwenye korido ya ghorofa ya chini balbu inawaka, nguo zimetundikwa kwenye kamba na hazijui jua, na mama aliye na mtoto mchanga anachambua mboga mlangoni kwa mwanga wa taa huku nje ni mchana mweupe. Chumba cha ndani kina dirisha linalotazama korido hiyo hiyo. Mwenye nyumba anahesabu vyumba, na hakuna anayehesabu nuru. Usiku unapoingia mambo hugeuka: taa za maduka, vibanda vya chipsi, muziki wa matatu, simu mkononi mwa kila mtu. Jicho linalopima mwanga linaambiwa mchana ni usiku na usiku ni mchana.

Tofauti na Pipeline, mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, una nyumba fupi zilizozunguka viwanja vya nyasi. Wakoloni hawakuujenga kwa mapenzi ya Mwafrika, na vyumba vyake vilikuwa vidogo kwa familia. Hata hivyo, mtoto wa pale akifungua mlango hukutana na jua. Ni aibu kwamba miaka themanini baadaye, tukiwa na serikali yetu na wahandisi wetu, tunajenga nyumba zenye nuru haba kuliko hizo.

Kuhusu zile taa ndefu za mulika mwizi zilizosimamishwa Mathare, Korogocho na kwingineko, sitazilaumu. Zimeokoa maisha, zimewapa kina mama nafasi ya kuuza samaki na sukuma hadi usiku, na msichana anayekwenda chooni anapita bila hofu. Anayelala chini yake kwenye chumba cha mabati chenye matundu anaweza kutundika pazia zito, au leso mbili zilizoshonwa pamoja. Ni jambo dogo lenye faida.

Shida kubwa zaidi ni ratiba tuliyoitengeneza kwa mikono yetu. Simama steji ya Mutindwa kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, siku ya shule. Wameshafika: kofia za sufu zimevutwa hadi nyusi, chupa ya uji inaning'inia shingoni, begi limezidi mgongo. Basi la njano linasimama, na ndani yake tayari kuna vichwa vilivyoegemea vioo, mdomo wazi. Hao walichukuliwa Kayole au Komarock zamani, wakati makanga wa kwanza wanaita abiria wa Gikomba. Shule yenyewe haiko mbali, lakini basi linazunguka mtaa hadi mtaa, na wa kwanza kupanda anakaa ndani kuliko wote. Jambo linaloumiza ni kwamba mabasi hupishana barabarani: hili linatoa watoto Umoja kuwapeleka Embakasi, lile linatoa wa Embakasi kuwapeleka Umoja.

Piga hesabu. Mtoto wa darasa la sita anafika nyumbani magharibi kwa sababu ya foleni ya Outer Ring na Jogoo Road. Anaoga, anakula, anafanya homuweki na ule mradi unaotaka maboksi na gundi, analala saa nne usiku. Saa kumi na nusu anaamshwa. Amelala saa sita na nusu. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kati ya saa 9 na 12, na wa miaka 13 hadi 18 kati ya saa 8 na 10. Kila usiku mtoto huyu anadaiwa si chini ya saa mbili na nusu, na deni analipia darasani, kwenye hesabu ya kwanza, akiwa anatazama ubao bila kuuona.

Kwa walio sekondari, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu balehe huisogeza saa ya mwili mbele. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown alianza kulionyesha hilo miaka ya tisini, na mwaka 2004 Till Roenneberg na wenzake nchini Ujerumani wakaonyesha kwamba mtu huendelea kuchelewa kulala hadi karibu umri wa miaka 20, kisha huanza kurudi nyuma. Tunamwita kijana huyo mvivu. Shule inamwamsha kwa kengele ya saa kumi na nusu akasome, akiwa katika ile saa ambayo joto la mwili liko chini kabisa na ubongo unaomba giza. Anakariri, na hakishiki alichokariri. Mjini Seattle, Marekani, mwaka 2016 shule za sekondari zilisogeza saa ya kuanza kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Wanafunzi hawakuutumia muda huo kukesha zaidi. Walilala dakika 34 zaidi kila usiku wa shule, na alama za darasa lililopimwa zikapanda.

Najua jibu la mzazi wa Eastlands, na ni jibu la haki. Baba anatembea kwa miguu kutoka Mukuru kwenda Industrial Area na zamu yake inaanza saa moja. Mama ni nesi katika hospitali ya Mama Lucy na ametoka zamu ya usiku. Mtoto abaki na nani? Wazazi wenyewe wanaishi na saa zilizovurugwa. Utafiti wa Ufaransa uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 3,000, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliofanya kazi za zamu zinazobadilika kwa miaka kumi na zaidi walikuwa na kumbukumbu na wepesi wa fikra kama wa watu waliowazidi umri kwa miaka sita na nusu. Baada ya kuacha zamu, kurudi kwenye hali ya kawaida kulichukua angalau miaka mitano. Fikiria soja wa Kayole aliyekesha getini miaka ishirini mfululizo. Anapomsahaulia mkewe maneno ya jana, nyumbani wanasema uzee umemwingia mapema.

Kwa hiyo simwombi mzazi afanye miujiza. Namwomba mambo anayoyaweza. Mtoto atolewe nje akaone jua asubuhi, hata kwa dakika chache za kutembea hadi shule iliyo karibu badala ya kuzungushwa na basi. Simu itoke chumbani saa tatu usiku. Anayetoka zamu ya usiku apewe chumba chenye giza na watu wa nyumbani wamlindie usingizi wake kama wanavyolinda chakula chake. Na mtoto anayesinzia darasani asiitwe mjinga kabla ya kuulizwa alilala saa ngapi.

Walimu wakuu na wenye shule za kibinafsi wana wajibu mkubwa zaidi. Hisabati na sayansi si lazima ziwe somo la kwanza. Ruti za mabasi zinaweza kufupishwa. APHRC nao, wanaoijua Korogocho na Viwandani nyumba kwa nyumba, tunawaomba waongeze maswali ya usingizi na mwanga katika tafiti zao, ili siku moja jeni za watu wetu zisomwe pamoja na maisha yao halisi.

Sheria haina haja ya kutungwa upya. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya kawaida katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na yaishe saa tisa na nusu alasiri, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku tyusheni za likizo. Katika mkutano ujao wa wazazi, simama uulize: mtoto wa kwanza anapandishwa basi saa ngapi, na darasa la kwanza linaanza saa ngapi? Likianza kabla ya saa mbili, shule hiyo inavunja kanuni, na una haki ya kusema hivyo mbele ya wote.